Kujifunza Rust kwa mazoezi madogo: shajara ya mradi

Sheria ya mradi

Kila zoezi lina swali moja na faili moja. Juu kabisa ya faili kuna mstari wa maelezo unaoanza na neno UTABIRI, na hapo naandika ninachotarajia kabla sijakompaili chochote: programu itakubaliwa au itakataliwa, na ikikataliwa, ni kwenye mstari upi na kwa sababu gani. Ndipo naendesha `cargo check`, amri ya Cargo, chombo cha Rust cha kusimamia miradi. Jibu la kompaila (programu inayokagua msimbo na kuugeuza kuwa programu ya kuendeshwa) likitofautiana na utabiri, faili halifungwi mpaka sababu ya tofauti iandikwe chini yake kwa maneno yangu.

Naipenda njia hii kwa sababu inaendana na tabia ya Rust yenyewe. Ni lugha ya kuandikia programu inayokataa mapema. Mambo ambayo lugha nyingine huyaacha yatokee programu ikiwa tayari mikononi mwa watu, Rust inayauliza ukiwa bado kwenye kibodi: thamani hii ni ya nani, itaishi mpaka lini, na nani ana ruhusa ya kuibadilisha? Anayejifunza kwa kunakili mifano inayofanya kazi hayaoni maswali hayo, kwa kuwa mwandishi wa mfano alishayajibu. Yanaonekana pale unapovunja kitu kwa makusudi na kusoma unachoambiwa.

Kuhusu asili yake, kwa ufupi: Graydon Hoare aliianza mwaka 2006 kama mradi wake binafsi, Mozilla ikaanza kuifadhili mwaka 2009, na toleo 1.0 likatoka tarehe 15 Mei 2015. Nia ilikuwa kupata kasi ya C na C++ bila hatari zake za kumbukumbu. Hatari hizo si za kufikirika. Mwaka 2019 Microsoft ilieleza kwamba takriban asilimia 70 ya mianya ya kiusalama inayoiziba kila mwaka inatokana na matumizi mabaya ya kumbukumbu. Desemba 2022 kiini cha Linux, toleo 6.1, kilipokea msaada wa awali wa Rust. Hayo yananitosha kuamini kwamba muda unaotumika hapa haupotei.

Maandalizi

Usakinishaji ni kwa `rustup`, kisakinishi cha Rust, na mradi unaundwa kwa `cargo new mazoezi`. Badala ya kufungua mradi mpya kwa kila zoezi, faili zote zinakaa ndani ya folda `src/bin/`. Cargo inalitambua kila faili humo kama programu inayojitegemea, kwa hiyo `cargo check --bin umiliki` inakagua zoezi la umiliki peke yake. Hilo ni la lazima katika mradi ambao nusu ya faili zimevunjwa kwa makusudi: ukiandika `cargo check` tupu, makosa ya faili zote yanamwagika kwenye teminali kwa pamoja.

`cargo check` inakagua bila kutengeneza programu ya kuendeshwa, ndiyo maana ni ya haraka kuliko `cargo build`. Kwa mtindo huu wa kutabiri na kupima, ndiyo amri ninayoitumia kuliko zote. Ya pili ni `rustc --explain`, ikifuatiwa na namba ya kosa. Makosa mengi ya kompaila yana namba, na amri hiyo inatoa maelezo marefu yenye mfano uliovunjika na mfano uliorekebishwa, hata bila intaneti.

Vigeu na namba

Zoezi la kwanza ni jepesi:

```
let idadi = 5;
idadi = 6;
```

Inakataliwa, kosa E0384. Kigeu hakibadiliki mpaka uandike `let mut`. Lakini kuandika `let idadi = 6;` upya kunakubaliwa, kwa sababu hicho ni kigeu kipya kinachokifunika cha zamani, na kinaweza hata kuwa cha aina nyingine. Nimeuona ufaa wake kwenye kupokea maandishi na kuyageuza namba huku jina likibaki lilelile.

Namba zilinipa kazi zaidi ya nilivyotarajia kwa mada inayoonekana ya utangulizi. Aina `u8` inabeba 0 hadi 255. Swali la zoezi: 255 ukiongeza 1 inakuwa nini? Ukiandika namba hizo moja kwa moja ndani ya faili, kompaila inapiga hesabu yenyewe na kukataa. Ili swali liwe na maana, 255 lazima itoke nje, kwa mfano ichapwe na mtumiaji. Hapo `cargo run` inasababisha programu kupaniki: inasimama na kusema jumla imevuka mpaka. Ukiendesha `cargo run --release`, programu ileile haisemi kitu na jibu ni 0.

Msimbo mmoja, tabia mbili. Kwa hiyo jibu sahihi la zoezi ni kusema wazi unachokitaka. `checked_add` inarudisha `None`, yaani hakuna jibu, mpaka ukivukwa, `saturating_add` inabaki 255, na `wrapping_add` inazunguka hadi 0. Ukitumia mojawapo, tabia haibadiliki kwa namna ulivyokompaili. Tangu zoezi hili, kila ninapoona alama ya kujumlisha kwenye namba iliyotoka nje ya programu, najiuliza ni ipi kati ya hizo tatu ninayoimaanisha.

Maandishi, na neno ng’ombe

Hili ni zoezi ninalolipenda, na linamfaa yeyote anayeandika programu zitakazosoma Kiswahili. Neno `ng'ombe` lina herufi ngapi kwa mujibu wa `len()`?

Inategemea alama ya ritifaa. Ikichapwa ile ya kibodi iliyonyooka, `len()` inatoa 7. Ikiwa ni ile iliyopinda, ambayo simu na programu za uandishi huiweka zenyewe, inatoa 9. Sababu ni kwamba `len()` inahesabu baiti, na stringi (maandishi) za Rust zimehifadhiwa kwa UTF-8, mfumo wa kuandika herufi kwa baiti. Ritifaa iliyonyooka ni baiti 1, iliyopinda ni baiti 3. Ukitaka herufi, andika `chars().count()`, na zote mbili zitatoa 7.

Hatua ya pili ya zoezi ni kukata: `&neno[0..3]`. Kwa ritifaa iliyonyooka unapata `ng'`. Kwa iliyopinda programu inapaniki, kwa kuwa mkato baada ya baiti ya tatu unaangukia katikati ya alama, na Rust haikubali kukupa kipande cha herufi. Ndiyo sababu pia huwezi kuandika `neno[2]` kupata herufi. Inakataliwa kabla ya kuendeshwa. Mwanzoni hili linaonekana kama ugumu usio na maana kwa anayetoka lugha nyingine. Mtu akishaona ng’ombe wawili wenye urefu tofauti, anaelewa kwamba ugumu huo ulikuwepo siku zote, ila ulifichwa.

Umiliki

Hapa ndipo mradi ulipokaa muda mrefu kuliko popote, na ndivyo inavyostahili.

```
let kwanza = String::from("habari");
let pili = kwanza;
println!("{}", kwanza);
```

Kosa E0382. Ujumbe wake ni wa kusomwa wote, neno kwa neno, kwa sababu unaonyesha mahali patatu: kigeu kilipozaliwa, thamani ilipohamia, na mahali ulipojaribu kuitumia baada ya kuhama. Kisha unataja sababu, kwamba `String` si ya aina zinazojinakili zenyewe.

Zoezi la kufuatia ni kuuliza kwa nini. Ile sehemu ya `String` inayokaa kwenye staki (kumbukumbu ya vitu vya ukubwa unaojulikana) ni vitu vitatu: anwani ya mahali maandishi yalipo kwenye hipu (kumbukumbu inayoombwa programu ikiendelea), urefu wake, na nafasi iliyotengwa. Kwenye mashine ya biti 64 ni baiti 24, na `std::mem::size_of::<String>()` inathibitisha hivyo hata stringi iwe ndefu kiasi gani. `let pili = kwanza;` inanakili baiti hizo 24 tu; maandishi yenyewe hayaguswi. Sasa kuna anwani mbili zinazoelekeza mahali pamoja. Kama vigeu vyote viwili vingebaki hai, mwisho wa mabano (kipande cha msimbo vilimozaliwa) kila kimoja kingeachilia kumbukumbu ileile, na kuachilia mara mbili ni miongoni mwa makosa yanayofungua mianya ile ya asilimia 70. Rust inalimaliza kwa kanuni fupi: thamani ina mmiliki mmoja, umiliki ukihama wa kwanza hana tena haki, na mmiliki akifika mwisho wa mabano yake kumbukumbu inaachiliwa.

Ukibadilisha `String` kwa `i32`, mistari ileile mitatu inapita. Namba haina kitu kwenye hipu, kwa hiyo nakala yake haina cha kugombania. Tofauti hii nimeiandikia mazoezi mengi yanayofanana makusudi: namba, herufi, `bool`, jozi ya namba, jozi yenye stringi ndani, vekta (orodha inayoweza kukua). Utabiri unaanza kuja wenyewe ukishazoea kujiuliza swali moja: kuna kitu kwenye hipu?

Umbo moja la kosa hili linajificha. `for n in maneno` inaimeza vekta nzima. Baada ya lupu, `maneno` haipo tena. `for n in &maneno` inaiazima tu. Alama moja, na ni vizuri kuizoea mapema.

Kuhusu `clone()`: kompaila yenyewe mara nyingi inaipendekeza, na inafanya kazi. Ila katika mradi huu nimeweka kwamba kila `clone()` iwe na maelezo kando yake ya kwa nini nakala mbili zinahitajika kweli. Nyingi zilikosa maelezo, zikaondolewa, na mahali pake pakaja kuazima.

Kuazima

Kanuni inasemeka kwa pumzi moja. Kwa wakati mmoja thamani inaweza kuwa na wasomaji wengi, au mwandishi mmoja, lakini si vyote viwili. Kuikariri ni rahisi; kuona kwa nini ipo kunahitaji zoezi:

```
let mut alama = vec![40, 55, 70];
let ya_kwanza = &alama[0];
alama.push(85);
println!("{}", ya_kwanza);
```

Kosa E0502. Jicho la kawaida linasema hakuna ubaya: tumeongeza kitu mwishoni, wa kwanza hajaguswa. Basi nikaandika faili la pili, bila ule mstari wa kuazima, linalochapisha `alama.capacity()` kabla na baada ya `push`. Kabla ni 3, baada ni 6. Vekta ilijaa, ikahitaji nafasi kubwa zaidi, na kupata nafasi hiyo kunaweza kuihamisha yote hadi sehemu nyingine ya kumbukumbu. Rejeleo (anwani iliyoazimwa) `ya_kwanza` lingebaki likielekeza mahali palipoachwa. Katika C++ msimbo wa namna hii unakompailiwa bila neno, na siku nyingine unaonekana kufanya kazi.

Ukipandisha `println!` juu ya `push`, programu inakubaliwa. Uazimaji unahesabiwa kuwa umekwisha pale rejeleo linapotumika mara ya mwisho, si kwenye mabano ya kufungia. Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Ilikuja na toleo 1.31, Desemba 2018. Inafaa kulijua hili ukisoma maelezo ya zamani ya Rust, maana baadhi ya mifano inayotajwa humo kuwa imekatazwa leo inapita.

Njia nyingine ni kuandika `let ya_kwanza = alama[0];` na kuchukua nakala ya namba. Zote mbili ni majibu sahihi, lakini ni programu mbili tofauti, na zoezi linataka useme ni ipi uliyoikusudia.

Kwenye fanksheni, `cargo clippy`, amri inayotoa ushauri wa kuboresha msimbo, ilinifundisha jambo dogo la thamani. Fanksheni inayopokea `&Vec<i32>` ni afadhali ipokee `&[i32]`, na inayopokea `&String` ipokee `&str`. Inabaki kufanya kazi ileile na inakubali wateja wengi zaidi.

Pasipo na kitu

Mwaka 1965 mwanasayansi wa kompyuta Tony Hoare aliweka rejeleo tupu, yaani lisiloelekeza kitu chochote, katika lugha ya ALGOL W, na mwaka 2009 mwenyewe alilitaja kama kosa lake la dola bilioni moja. Rust ya kawaida haina rejeleo tupu. Kama kitu kinaweza kukosekana, aina yake inasema hivyo: `Option<f64>` ni `Some` yenye namba ndani, au `None`.

Zoezi: wastani wa alama. Ukiandika `fn wastani(alama: &[f64]) -> f64`, kompaila inaridhika. Mpe orodha tupu, na 0.0 kugawa kwa 0.0 kunatoa NaN (thamani inayomaanisha “si namba”), ambayo inapita kimyakimya kwenye kila hesabu inayofuata. Ukibadilisha jibu kuwa `Option<f64>`, kila anayeita fanksheni hiyo analazimika kusema atafanya nini orodha ikiwa tupu. Hiyo ndiyo sehemu ya Rust inayonigusa zaidi kuliko hata umiliki, kwa kuwa inambana mwandishi awe mkweli kwenye sahihi ya fanksheni (mstari unaotaja inachopokea na inachorudisha), mahali ambapo mwenzake atasoma kwanza.

NaN ilirudi tena kwenye zoezi la kutafuta namba ya katikati. `alama.sort()` inakataliwa kwa `f64`, kosa E0277. NaN hailingani hata na yenyewe, kwa hiyo mpangilio kamili haupo, na Rust haitaki kujifanya upo. `alama.sort_by(|a, b| a.total_cmp(b))` ndilo jibu.

Kwa `match`, inayochagua cha kufanya kwa kila hali, niliandika zoezi lile maarufu la kugawa kwa 3 na kwa 5, nikilinganisha jozi `(n % 3, n % 5)`. Nikaondoa mkono wa mwisho wa `_`, unaopokea hali zote zilizobaki. Kosa E0004: kuna hali hazijashughulikiwa. Kompaila haijui kwamba baki la kugawa kwa 3 halivuki 2. Inatazama aina tu. Ndiyo maana enamu yako mwenyewe, yaani aina yenye, tuseme, hali nne zilizotajwa kwa majina, ni bora kuliko namba tupu: hapo hakuna haja ya `_`, na siku ukiongeza hali ya tano, kila `match` iliyosahaulika inapiga kelele.

`Result`, aina ya jibu linaloweza kuwa kosa, nitaipita haraka, maana ukishaielewa `Option` iko karibu. Jambo moja tu la vitendo: `read_line`, inayosoma alichochapa mtumiaji, inaacha alama ya mstari mpya mwishoni, kwa hiyo bila `trim()` ya kuiondoa hata 12 safi inakataliwa na `parse`, inayogeuza maandishi kuwa namba.

Muda wa uhai

```
fn refu(a: &str, b: &str) -> &str
```

Kosa E0106. Ujumbe unasema wazi tatizo: jibu limeazimwa, lakini sahihi haisemi limeazimwa kutoka `a` au `b`. Ukiandika `fn refu<'a>(a: &'a str, b: &'a str) -> &'a str`, umeahidi kwamba jibu halitadumu kuliko yule anayekufa mapema kati ya hao wawili. Alama `'a` haiongezi uhai wa kitu chochote. Inaeleza tu uhusiano uliopo.

Ukitaka kuona ahadi ikivunjwa, toa mmoja wa hao wawili kwenye mabano ya ndani na utumie jibu nje: E0597. Lakini awe `String` iliyoundwa humo humo. Maandishi yaliyoandikwa moja kwa moja kwenye msimbo yanaishi muda wote wa programu, na zoezi litapita bila kufundisha kitu.

Programu ya kuunganisha

Mazoezi yameanza kukutana katika programu moja inayohesabu maneno ya faili la maandishi. Kiini chake ni mstari huu:

```
*hesabu.entry(neno).or_insert(0) += 1;
```

Ndani yake kuna umiliki, kwa sababu `neno` linahamia ndani ya `HashMap` (jedwali la funguo na thamani zake); kuna kuazima kwa kuandika; na kile kinyota kinachofikia namba yenyewe kupitia rejeleo. Kila alama ilishakuwa na faili lake la zoezi kabla haijafika hapa.

Mambo mawili yalijitokeza. La kwanza, maneno yanachapishwa kwa mpangilio tofauti kila programu inapoendeshwa. `HashMap` inachanganya funguo kwa mbegu ya bahati nasibu, ili mtu mwenye nia mbaya asiweze kutengeneza funguo zinazogongana na kuilemea programu. Majaribio ya `cargo test` hayawezi kutegemea mpangilio huo, kwa hiyo matokeo yanahamishiwa kwenye vekta na kupangwa kwa idadi, kisha kwa alfabeti.

La pili ni ng’ombe tena. Faili likiwa na ritifaa za aina zote mbili, `ng'ombe` na `ng’ombe` yanahesabiwa kama maneno mawili tofauti, na `ng'oa`, `ng'ang'ania` na mengine yote ya namna hiyo yanagawanyika vivyo hivyo. Kabla ya kuhesabu, kila neno sasa linapita kwenye `replace('’', "'")`, na alama za uakifishaji zinaondolewa pembeni tu kwa `trim_matches`, ili ritifaa ya ndani isiguswe. Jaribio lenye ng’ombe wa aina zote mbili limeandikwa, na linapita.

Lililo mezani sasa ni kugawa faili kubwa kwa thredi kadhaa, yaani njia za kazi zinazoendeshwa kwa pamoja. Utabiri umeshaandikwa: `thread::spawn` itakataa kuazima maandishi yaliyo kwenye `main`, kwa kuwa thredi inaweza kuishi kuliko yaliyoazimwa, na kompaila itapendekeza neno `move`. `cargo check` bado haijaendeshwa.